Jumamosi zote Paje, na mama bado hajui

Ami, assalaam alaykum.

Nina miaka 24, nakaa Mwanakwerekwe. Mchana namsaidia dada yangu kwenye duka lake la vipodozi. Siku za mwisho wa wiki napiga muziki kwenye sherehe za wanawake: harusi, singo, arubaini za watoto, mahafali. Nilianza miaka mitatu nyuma. Kaka yangu ndiye mwenye mitambo, na wenye shughuli wengi hawataki mwanamme aingie ukumbini wakati kina mama wameshavua mabuibui. Ikawa anawekewa pazia, anapiga huku haoni watu, mimi nachungulia namwambia "badilisha, wamekaa" au "iache, bibi harusi anacheza". Siku moja akanambia, basi kaa wewe. Nikakaa, mpaka leo.

Nina laptopu ya mtumba na kontrola ndogo, kile kibao cha vitufe cha kuchanganyia nyimbo. Ngoma zangu nyingi ni taarab ya kisasa, bongo flava, na singeli za kufungia shughuli. Mwezi uliopita nilikwenda Paje kupiga kwenye siku ya kuzaliwa ya mgeni mmoja anayeishi kule, kwenye baa ya ufukweni. Meneja alikuwa amesimama kaunta. Shughuli ilipomalizika akanifata, akaniuliza kama naweza kuchukua Jumamosi zote, saa tatu usiku mpaka saa nane. Nikasema naweza kabla sijafikiri. Naanza baada ya wiki tatu.

Sasa silali. Kwanza urefu wa hizo saa tano. Harusini napiga kwa muda wa saa mbili na nusu tu, na humo kuna MC, kuna keki, kuna kutunza, kuna picha, mimi napumzika. Pili, pale hawatumii laptopu. Wana mashine mbili kubwa za Pioneer na miksa ya njia nne, unakuja na flashi yako. Sijawahi kuzigusa, siku ile nilitumia kontrola yangu. Tena binamu yangu mmoja anayejiita DJ kanicheka mbele za watu, eti mimi nabonyeza kile kitufe cha kulinganisha mapigo, sijui kuchanganya kwa masikio, kwa hiyo mimi si DJ. Tatu, watu wenyewe: wageni wanaokuja kucheza kaiti, ile tiara ya kuvutwa na upepo baharini, mapapasi wa ufukweni, vijana wa mjini wanaokuja na gari zao. Wengi wanataka amapiano na house. House mimi siijui, naisikia yote ni moja.

Meneja anasema Jumamosi mbili za mwanzo ni za majaribio, hazina malipo. Baada ya hapo ni shilingi 50,000 kwa usiku, chakula na vinywaji.

La mwisho ndilo linaloniuma. Mama anajua naenda maharusini na hana neno, tena hunisifia kwa majirani. Hili la Paje sijamwambia. Siku ile ya kuzaliwa nilimwambia nalala kwa rafiki yangu Bububu. Siwezi kulala Bububu kila Jumamosi.

Nishauri, Ami. Na kama una la kusema kuhusu nguo, sema, maana hata hilo sijui.

Binti wa Nyuma ya Pazia, Mwanakwerekwe

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikacheka, wala si kwa kukudharau. Pazia hilo nalijua. Mimi nimepiga disko tangu zama za kaseti, penseli mfukoni ya kurudishia utepe, na nimepigia maharusi nyuma ya pazia kama kipofu. Unaweka wimbo, unasikia vigelegele, hujui ni vya wimbo wako au bibi harusi ndiyo kwanza kaingia. Wewe ulikuwa upande wa pili. Miaka mitatu umekaa mahali unapomwona bibi mzima kashika tama, unaweka wimbo fulani, anainuka na noti mkononi. Unajua kwamba bibi harusi akiingia hakuna anayesikiliza muziki kwa dakika kumi, kwa hiyo ngoma nzuri huitupi hapo. Unajua kina mama wa meza ya mbele wakishacheza nyimbo tatu mfululizo wanataka kukaa wafute jasho, na ukiwalazimisha ya nne ukumbi unapoa. Haya huwashinda vijana wenye mashine za mamilioni. Mashine zenyewe utazijua kwa wiki tatu, na wiki tatu ndizo hasa ulizonazo.

Nianze na urefu wa hizo saa tano, kwa sababu hizo ndizo zilizonipiga mimi. Kazi yangu ya kwanza ya kila wiki ilikuwa kwenye hoteli moja, sitaitaja. Nilikuwa na kaseti zangu bora kwenye boksi la viatu, nimezipanga kwa mapenzi. Saa tatu nikafungua na ile kali kuliko zote, ili wajue nani kaja. Watu walikuwa wanakula samaki. Mmoja aliinua kichwa akanitazama, akarudi kwenye miiba yake. Nikaona hawajanielewa, nikaongeza kali nyingine, na sauti juu. Ilipofika saa tano, watu ndiyo wanaanza kuinuka, mimi nilikuwa sina kitu. Nikaanza kurudia. Saa sita meneja akaja, hakusema neno, akawasha redio.

Kwa hiyo usiku wa Paje usiufikirie kuwa wako. Ni wa baa, na wewe unaufuata. Saa tatu watu wanakula na wanazungumza, na wacheza kaiti wamechoka, wamekuwa kwenye upepo tangu asubuhi. Hapo muziki uwe kama upepo wa barazani, wausikie wakitaka, na mtu asilazimike kupaza sauti ili aombe chumvi. Bongo flava za taratibu, rege, afrobiti za mapigo 95 hadi 105 kwa dakika. Hata taarab ya zamani inakaa hapo vizuri. Mgeni ataipenda kwa sababu hajaisikia kwao, na mpishi ataipenda kwa sababu kaisikia kwa mama yake. Ukiona miguu inaanza kucheza chini ya meza, panda kidogo. Amapiano nyingi zinakaa kwenye 110 hadi 115, nazo ndizo daraja lako la katikati. House, ile unayosema yote ni moja, iko 120 hadi 125 hivi. Hiyo iweke baada ya saa sita, na usiirundike.

Hebu na mimi niitetee house kidogo. Mwaka 1977 DJ mmoja anayeitwa Frankie Knuckles alichukua kazi ya kudumu kwenye kilabu kimoja cha Chicago kilichoitwa Warehouse. Akapiga pale wiki kwa wiki mpaka 1982, na wengi husema jina la house limetokana na jina la kilabu hicho. Yaani muziki unaouogopa umezaliwa na kazi kama hii uliyopewa wewe: mtu mmoja, mahali pamoja, watu wale wale wanarudi, naye anawazoea na wao wanamzoea. Sikiliza nyimbo kumi tu za house mpaka uzijue kama unavyozijua za harusini. Utaanza kusikia kwamba si moja. Nyingine ina piano, nyingine ina mwanamke anayeimba kama yuko kanisani, nyingine ina ngoma za mkono ambazo mpiga ngoma wa kidumbak angezitambua.

Sasa hesabu. Ukiuacha kila wimbo ucheze kama dakika tatu kabla ya kuubadili, unahitaji nyimbo 20 kwa saa, 100 kwa usiku mzima. Beba 300, ili uwe na nafasi ya kuchagua. Usibebe 3,000. Mwenye nyimbo 3,000 hutafuta, na akitafuta macho yake yako kwenye kioo, hawaoni watu. Zigawe kwenye mafungu kwa namna unavyoziona wewe: "wanakula", "wanatikisa kichwa", "wanacheza", "wamepagawa", "waende kwao". Majina ya aina za muziki hayatakusaidia saa saba usiku.

Kuna mchezo mmoja ambao nadhani utakufaa kuliko wageni wanavyodhani. Singeli nyingi zinakwenda mapigo 200 na kupanda juu, na amapiano iko 112. Mara mbili ya 112 ni 224. Yaani ukiwa na singeli ya 224 inaweza kukaa juu ya amapiano ya 112, kila pigo la amapiano likibeba mawili ya singeli, na mtu anayecheza hatagundua kaingia lini kwenye moto. Programu mara nyingine huiandika singeli ya 224 kuwa 112, usishtuke. Fanya hivyo mara moja tu kwa usiku, saa saba hivi, wakati vijana wa mjini wako wengi. Wageni wataruka bila kujua wanaruka nini, na mapapasi watakuheshimu mpaka msimu uishe.

Tuje kwa binamu yako. Kitufe si haramu. Lakini kina masharti yake. Mashine mbili lazima ziwe zimeunganishwa kwa waya na kusomana, na wimbo uwe umepimwa sawasawa na programu. Taarab ya zamani imepigwa na watu wenye pumzi, inakwenda mbele na kurudi nyuma, na kipimo cha kompyuta huikosea. Siku kitufe kikigoma uwe na masikio. Ziba kwa kipande cha karatasi ile sehemu ya kioo cha laptopu inayoonesha namba za mapigo, fanya nusu saa kila siku ukishafunga duka. Wimbo mmoja kwenye spika, mwingine kwenye hedifoni, telezesha kidude cha kasi mpaka vitembee pamoja. Kwenye amapiano usifuate besi, besi yake inaingia na kutoka inavyotaka. Fuata ile sauti ya kayamba inayochakacha juu muda wote, haikudanganyi. Wiki mbili zinatosha kupata hilo kwa kiasi cha kutoaibika.

Jumamosi moja kabla hujaanza, nenda Paje kama mteja, na kaka yako. Usiguse kitu. Kaa pembeni uangalie saa: wanamaliza kula saa ngapi, wa kwanza kucheza ni nani, wanasimama upande gani, wanaondoka wimbo gani ukipigwa. Halafu muombe meneja ruhusa ya kufika mchana mara mbili, baa ikiwa tupu, uzichezee mashine. Akikataa hilo, na wewe ujue umempata meneja wa namna gani.

Kwenye flashi ndiko wageni wa mashine hizi wanakoaibika. Nunua mbili, za GB 32 au chini, uziandae kwa mfumo wa FAT32. Zile kubwa za GB 64 huja dukani na mfumo mwingine, na mashine nyingi za zamani za Pioneer hazizisomi kabisa. Unachomeka, inakuandikia hakuna kitu, na watu wanakutazama. Pakua programu ya rekordbox, ya bure inatosha, upange mafungu yako humo na uyahamishie kwenye flashi zote mbili sawasawa. Mashine zikiunganishwa, flashi moja inaweza kulisha zote mbili. Hata hivyo chomeka moja kwenye kila mashine, ili moja ikifa nyingine iendelee. Nafasi isikutie wasiwasi. Wimbo wa MP3 wa ubora wa 320 unachukua kama MB 2.4 kwa dakika, nyimbo 300 za dakika nne hazifiki GB 3. Kwa hiyo huna sababu ya kubeba zile zilizovutwa kutoka kwenye video za mtandaoni. Kwenye simu zinasikika nzuri. Kwenye spika kubwa zinasikika kama mtu anaimba ndani ya ndoo.

Nunua hedifoni zako mwenyewe, na kile kichwa kinene cha kuchomekea kwenye miksa, cha milimita 6.3. Nunua viwili. Hupotea mchangani kama sindano.

Kuhusu sauti nitasema kidogo tu, fundi mitambo wa pale atakuambia mengine. Taa za miksa zibaki kijani, na zikigusa rangi ya chungwa si neno, nyekundu hapana. Nyekundu haiongezi nguvu, inakwaruza sauti na kuunguza spika, na spika zikiungua utalaumiwa wewe uliye mpya. Ukichanganya nyimbo mbili usiache besi zote mbili wazi. Punguza ya inayoingia, halafu zibadilishane zamu wimbo unapoanza mzunguko mpya, ambao kwa ngoma hizi mara nyingi huja kila baada ya mapigo 32. Unaujua tayari, ndipo kina mama wanapogeuka. Na pale ni ufukweni, hakuna kuta za kurudisha besi kama ukumbini, itapeperukia baharini. Usiifukuze kwa kuongeza.

Umeme. Waliokuwepo wanakumbuka Mei 2008 Unguja ilivyokaa karibu mwezi bila umeme wa waya wa baharini, na tena kuanzia Desemba 2009 miezi mitatu. Kipindi hicho tulijifunza kupiga muziki kwa jenereta, na mpaka leo nikiona taa zinapepesa mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti. Na wewe ufundishe wako. Ukikatika, shusha sauti zote kwanza. Jenereta ikishika, washa mashine na miksa, na amplifaya ziwe za mwisho. Kuzima ni kinyume, amplifaya kwanza. Ukikosea utasikia mshindo ambao utawatoa watu kwenye viti. Simu yako iwe na nyimbo tano na waya wake uwe umechomekwa kwenye njia ya tatu ya miksa tangu jioni, maana mashine huchukua muda kuamka na kuisoma flashi upya, na kimya cha dakika moja ufukweni ni kirefu mno.

Masikio pia. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini huko Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawika nusu. Kwenye desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Wewe utasimama hapo saa tano. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, spika ya kibandani, ile inayokuelekea wewe, iwe chini, uipandishe unapobadilisha tu. Mimi nazungumza nawe kwa barua, na barua zinanifaa, kwa sababu sikio langu la kushoto linasikia nusu.

Watu watakuja kibandani. Papasi atataka wimbo wa rafiki yake, mgeni atakuonesha simu yenye wimbo wa kwao. Usiseme hapana, sema "nitaangalia", na uangalie kweli, kwa sababu mara moja kati ya kumi ana haki. Usipokee simu ya mtu kuichomeka. Usipokee glasi ya mtu pia. Maji yako yawe kwenye chupa yenye kifuniko, chini, mbali na miksa. Na hivyo vinywaji alivyokuhesabia meneja kama malipo, mwambie avigeuze nauli.

Hapo kwenye malipo sikubaliani naye. Jumamosi mbili za bure, na baa inauza kama kawaida? Kakuona ukifanya kazi, ndiyo maana kakufuata. Mwambie kwa adabu kwamba usiku mmoja wa majaribio unakubali, kwa nusu ya malipo na usafiri, na ukipenda mtaje harusi ulizopiga. Shilingi 50,000 kwa kuanzia si matusi. Lakini Paje hadi mjini ni kama kilomita 50, saa nane usiku hakuna daladala, na teksi itakula sehemu kubwa ya ulichopata. Kwa hiyo ama gari ya baa ikurudishe mpaka mlangoni kwenu, na dereva awe anajulikana, ama upewe chumba chenye ufunguo, ulale, urudi na daladala ya asubuhi. Usianze kazi kabla hili halijaandikwa. Si lazima mkataba wa wakili, ujumbe wa simu wenye tarehe, saa, malipo na usafiri unatosha, na jibu lake la "sawa".

Muulize pia kuhusu Ramadhani na masika. Mwezi mtukufu muziki utasimama, na hilo sisi hatuna la kulijadili. Kuanzia Machi hadi Mei mvua inapunguza wageni na baa nyingine hufunga. Ramadhani nayo inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ikikutana na masika unakaa muda mfupi tu bila kazi, ikiachana nayo unakaa mara mbili. Kwa hiyo duka la dada yako usiliache. Muulize vilevile kama baa imelipia hakimiliki kwa COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, ni wajibu wa mwenye baa, lakini uwe unajua, na wewe mwenyewe pita BASSFU, baraza letu la sanaa, uulize usajili wa wasanii. Tena ujue msikiti wa kijiji uko upande gani na spika zimeelekea wapi. Baa zinakuja na kuondoka, wanakijiji wako palepale, na DJ anayejulikana kijijini kwa ubaya hatadumu hata meneja akimpenda.

Sasa mama.

Umesema linakuuma, na mimi nakwambia lina haki ya kukuuma. Siyo kwa sababu ya muziki. Muziki ule ule anaousifia kwa majirani ndio utakaoupiga kule, ukitoa house. Kinachouma ni Bububu. Paje ni ndogo, mji wetu nao ni mdogo, na Jumamosi ya pili tu kuna mtoto wa jirani atakupiga picha. Afadhali aambiwe na wewe kuliko aoneshwe kwenye simu ya mtu barazani. Mwambie kabla ya usiku wa kwanza, na umwambie yote, pamoja na hilo la Bububu. Atakasirika kwa Bububu kuliko kwa Paje, ndivyo walivyo.

Usimtolee mfano wa Siti binti Saad aliyepanda meli kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wala wa Bi Kidude aliyepiga ngoma mpaka uzeeni. Atakwambia Siti hakuwa mwanawe. Mpelekee mambo anayoyauliza mama: nani anakurudisha, unalala wapi, mlango una ufunguo, nani mwingine mwanamke anafanya kazi pale, unamaliza saa ngapi. Ndiyo maana nimekuandikia kwa urefu kuhusu gari na chumba. Ukiwa huna majibu ya hayo, mama yako ana haki ya kukataa, na mimi ningekuwa upande wake. Ukiwa nayo, mchukue kaka yako mkae wote watatu. Akisema hapana hata hivyo, niandikie tena kabla hujamjibu meneja. Nisingependa uanze na mama akiwa amenuna, hasa wewe, uliyejifunzia kazi hii ndani ya kumbi zilizojaa kina mama.

Nguo: viatu bapa, saa tano utasimama juu ya mbao au mchanga. Stara yako ya kila siku haina ubaya kibandani, wala usivae cha kukufanya uwe unajivutavuta badala ya kubadilisha wimbo. Shali nzito ya begani, upepo wa kule baada ya saa saba una baridi. Na uchukue kanga moja kubwa ya kufunikia mashine zikiwa hazitumiki, chumvi ya bahari na mchanga huingia kwenye vitufe na kuvila. Ya mama yako itafaa, zile za zamani ni nzito. Usiichukue tu kabatini. Muombe mwenyewe, atakuuliza ya nini.